Je, ardhi inaweza kuipoza nyumba isiyo na stima Kiwanjani?

SAA tisa alasiri mtaani Kiwanjani, mjini Isiolo, bati la paa huwa limeshika moto kiasi cha kutogusika. Ndani ya nyumba, mtoto mchanga hulazwa kwenye mkeka juu ya sakafu ya simiti wala si kitandani, kwani ubaridi wowote uliosalia nyumbani saa hiyo umo chini, ardhini, na kulitambua hilo hakuhitaji mtaalamu.

Jambo hilo hilo dogo ndilo msingi wa mitambo inayouzwa Ulaya na Marekani kwa ajili ya kupasha nyumba joto na kuzipoza kwa kutumia ardhi. Nchini Uswidi, nyumba nyingi mno zina kisima uani ambacho hakitoi maji bali joto. Swali linalomhusu mkazi wa pembezoni mwa Kiwanjani, ambaye nguzo za stima bado hazijamfikia na ambaye fedha za kuchimbia huenda zikatokana na mauzo ya mifugo, ni iwapo mtambo wa aina hiyo unamfaa.

Jibu kwa ufupi ni kwamba ardhi ya Kiwanjani inamfaa, lakini mtambo, kwa nyumba nyingi, haumfai. Tofauti ya mambo hayo mawili inapaswa kueleweka kabla fedha hazijazama shimoni.

SI MVUKE WA OLKARIA

Kwa Mkenya, joto la ardhini ni Olkaria. Mtambo wa kwanza huko, wa megawati 15, ulianza kuzalisha umeme mwaka 1981, na leo mvuke unaipatia Kenya umeme mwingi kuliko chanzo kingine chochote. Visima vyake hushuka kilomita mbili hadi tatu na baadhi yake hukuta joto la zaidi ya nyuzi 300. Joto hilo hutumika pia bila ya kugeuzwa umeme. Shamba la maua la Oserian, karibu na Ziwa Naivasha, lilianza mwaka 2003 kupasha vibanda vyake vya maua kwa kisima cha mvuke. Huko Menengai, kampuni ya serikali ya GDC imeonyesha jinsi mvuke unavyoweza kutumiwa kuua vijidudu katika maziwa na kufulia nguo.

Isiolo haimo katika Bonde la Ufa. Katika sehemu nyingi za dunia zisizo na volkano hai, joto huongezeka kwa nyuzi 25 hadi 30 tu kwa kila kilomita moja ya kina. Kwa hivyo anayechimba mita 100 nyuma ya nyumba yake asitarajie mvuke wala maji ya kuchemka, na muuzaji anayetaja Olkaria ili kuuza mtambo wa nyumbani ama haelewi biashara yake ama anamhadaa mteja.

Mtambo wa nyumbani ni pampu ya joto. Hufanya kazi kama friji. Friji huondoa joto ndani ya kabati lake na kulitupa nyuma, na atakayeweka mkono nyuma ya friji inayofanya kazi atalihisi. Pampu ya joto huondoa joto chumbani na kulitupa ndani ya maji yanayozunguka katika mabomba ya plastiki yaliyozikwa, na maji hayo huliachia udongo. Ikigeuzwa, hutoa joto udongoni na kulileta chumbani. Kwa kila yuniti moja ya stima inayokula, pampu nzuri huhamisha yuniti tatu au nne za joto.

Wauzaji hupenda kutangaza hizo tatu au nne. Mwenye nyumba asiye na stima aitazame ile moja, kwa kuwa pampu ya joto haizalishi kawi hata chembe. Ni mlaji wa kawi, na mlaji mkubwa kuliko taa, redio, runinga na simu zote za nyumbani zikijumlishwa.

MAHALI PASIPO NA MAJIRA YA BARIDI

Mita chache chini, ardhi haijui mchana wala usiku. Hushika joto linalokaribia wastani wa hewa wa mwaka mzima mahali hapo. Kusini mwa Uswidi wastani huo hauzidi nyuzi 10. Wakati wa kiangazi, hewa inapofika nyuzi 25, udongo huwa baridi kweli kweli. Wakati wa theluji huwa na joto kuliko hewa. Joto linalozikwa Julai hufukuliwa Januari, na hesabu hukaribia kuwa sawa.

Isiolo iko chini ya nusu digrii kaskazini mwa ikweta, takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Januari na Julai hazitofautiani sana. Kinachotofautiana ni mchana na usiku. Wastani wake ni nyuzi ishirini na kitu, na udongo mkavu unaopigwa na jua mwaka mzima huweza kuwa na joto la juu kidogo kuliko hapo.

Hali hiyo ina matokeo mawili ambayo vitabu vya maelezo vilivyoandikwa kwa nchi za baridi havina haja ya kuyataja. La kwanza ni kwamba joto linalozikwa Kiwanjani halifukuliwi na mtu. Hakuna anayewasha moto wa kuotea sebuleni Isiolo, ila labda asubuhi moja mbili za upepo wa Julai. Aidha, udongo mkavu hupitisha joto polepole. Mwaka baada ya mwaka udongo unaozunguka bomba hupata joto zaidi, na pampu hulazimika kula stima zaidi kwa kazi ile ile. Mkazi wa Timau, aliye juu ya mita 2,000 kwenye barabara hiyo hiyo ya Nanyuki, ambaye huota moto jioni nyingi za mwaka, angekuwa na hoja nzuri zaidi ya kuinunua pampu ya joto, japo yeye angeitumia kupasha nyumba joto.

Tokeo la pili ni zito zaidi. Maadamu ardhi inashika wastani wa mchana na usiku, ni lazima usiku uwe chini ya wastani huo. Saa kumi alfajiri, hewa ya nje ya Kiwanjani huwa baridi kuliko udongo ulio mita tatu chini. Kwa maneno mengine, anga hutoa bure kila usiku ubaridi ulio bora kuliko ule unaochimbiwa kwa gharama. Hata kiyoyozi cha kawaida, kinachotupa joto lake hewani, hufanya kazi nyepesi usiku kuliko pampu inayolitupa katika udongo ulioshiba joto.

Asiyeamini anaweza kupima mwenyewe. Achimbe shimo jembamba la mita mbili au tatu, atumbukize chupa ya maji yenye kipimajoto, aufunike mdomo wa shimo kwa gunia na mbao, kisha aiache siku nzima. Apime pia hewa ya nje saa tisa alasiri na saa kumi alfajiri, kivulini. Tarakimu hizo tatu zitamweleza mengi kuliko kijitabu chochote cha matangazo.

HESABU YA BETRI

Tuseme mwenye nyumba ameamua kununua. Pampu ndogo inayoondoa kilowati tatu za joto, inayotosha vyumba viwili vilivyojengwa vizuri, hula takriban kilowati moja ya stima, na pampu ya kuzungusha maji huongeza wati 100 hivi. Ikifanya kazi saa nane usiku, hula karibu yuniti tisa.

Kwa jua la saa tano kamili kwa siku, na baada ya kuondoa kinachopotea njiani, yuniti tisa huhitaji paneli za takriban kilowati mbili na nusu kwa kazi hiyo peke yake. Kwa vile jua halichomozi usiku, yuniti hizo zitoke kwenye betri. Betri ya kawaida ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 200 hubeba yuniti 2.4, lakini haifai kutumiwa kupita nusu kila siku kama inatarajiwa kudumu. Hivyo zitahitajika betri nane. Betri za lithiamu zitapungua idadi, ingawa bei ya kila moja iko juu, na aina zote mbili huchakaa upesi zikihifadhiwa katika chumba chenye joto, yaani katika aina ya chumba hasa kilichomfanya mtu atafute pampu.

Kuna pia ule msukumo wa kuanzia. Mota ya kompresa ya zamani, inapowashwa, huvuta mara tatu hadi sita ya stima yake ya kawaida kwa muda mfupi, na inverta ndogo huzima papo hapo. Anayenunua aulize kama kompresa ni ya aina inayoanza taratibu na kubadilisha kasi. Sola za nyumbani zilizosambazwa chini ya mradi wa KOSAP katika kaunti 14, Isiolo ikiwemo, zimelengwa taa na vifaa vidogo. Hazikuundwa kubeba mzigo huu.

Sasa linganisha na feni ya sola ya wati 30. Kwa saa nane hula robo ya yuniti. Haipunguzi joto la chumba, ila humpunguzia joto aliyelala, na kwa usiku mwingi wa Isiolo hilo ndilo linalotafutwa.

Kisima nacho kina hesabu yake. Pampu inayoondoa kilowati tatu chumbani hutupa kilowati nne ardhini, kwa kuwa stima inayokula pia hugeuka joto. Katika mwamba wenye unyevu, kila mita ya kisima humeza takriban wati 50, hivyo mita 80 hutosha. Katika udongo mkavu uwezo huo hushuka hadi nusu au chini ya hapo, na kina hufika mita 160. Makadirio hayo yanatokana na nchi ambazo ardhi yake ni baridi tangu mwanzo. Kwa Kiwanjani yachukuliwe kuwa ya ukarimu. Mitaro ya kulaza mabomba mita mbili chini ni rahisi kuchimba, lakini huhitaji kiwanja kikubwa na huwa karibu na udongo wa juu ambao jua hulichoma kila siku.

PAA KABLA YA PAMPU

Jua la adhuhuri karibu na ikweta humwaga takriban kilowati moja juu ya kila mita mraba. Chumba cha mita tatu kwa nne kina paa la mita mraba 12. Kilowati 12 hugonga bati hilo na, kama limeshika kutu na chumba hakina dari, sehemu kubwa huishia vichwani mwa walio ndani. Kushindana na paa kama hilo kwa pampu ya kilowati tatu ni sawa na kuteka maji kwa pakacha.

Kwa sababu hiyo, shilingi ya kwanza iende kwenye paa. Rangi nyeupe juu ya bati hurudisha angani sehemu kubwa ya jua. Dari ya mbao laini, mikeka au hata magunia safi, ikiwa na nafasi ya hewa kupita kati yake na bati, huzuia mwale wa joto usishuke. Ukumbi upande wa magharibi na mti wa kivuli huukinga ukuta ambao jua la saa kumi huupiga moja kwa moja. Wafugaji walioishi kaskazini kabla ya bati kufika walilala katika vibanda vya mviringo vya mikeka vilivyopumua kila upande. Watu wa Lamu walijenga kuta nene za mawe ya matumbawe. Wote wawili walikuwa na akili kuliko mjenzi wa leo anayeweka bati tupu juu ya ukuta mwembamba na kuacha madirisha mawili madogo, na si vibaya kusema hivyo ingawa bati lina faida zake mvua inaponyesha.

Baada ya paa, usiku. Nyumba yenye kuta za mawe au matofali ya udongo na sakafu iliyokaa juu ya ardhi huweza kushiba ubaridi wa alfajiri na kuutumia hadi alasiri, mradi ifunguliwe usiku na kufungwa saa tatu asubuhi. Jengo la Eastgate mjini Harare, lililokamilika mwaka 1996, hupozwa kwa kanuni hiyo kwa kiasi kikubwa, bila ya mitambo mikubwa ya viyoyozi.

Vikwazo vya Kiwanjani vinajulikana, navyo ni mbu, wezi na vumbi. Si rahisi kumwambia mzazi alale madirisha wazi. Suluhisho ni matundu ya hewa karibu na dari na mengine karibu na sakafu ya upande wa upepo, yenye nondo na wavu wa waya, pamoja na vibao vya kufungia wakati wa vumbi. Kazi hiyo iko ndani ya uwezo wa fundi wa mtaa. Sakafu isiwekewe kizuizi chochote cha joto chini yake. Wajenzi wa nchi za baridi hukiweka ili kuzuia joto lisitoroke, na baadhi ya michoro inayonakiliwa kutoka huko hukileta mahali kisipotakiwa.

MABOMBA YA HEWA

Kati ya sakafu tupu na pampu ya joto kuna njia ya katikati, nayo ni kuvuta hewa ya nje kupitia bomba lililozikwa mita mbili hadi tatu chini kabla haijaingia chumbani. Bomba la upana wa sentimita 15 na urefu wa mita 20 hadi 30, likisukumiwa hewa na feni ndogo ya sola, huweza kuiingiza hewa ya alasiri ikiwa na nyuzi kadhaa pungufu. Halina kompresa wala gesi. Lifanye kazi mchana tu, lizimwe usiku na madirisha yafunguliwe, ili udongo nao upate kupumzika.

Liwekwe kwa mteremko ili unyevu uchirizike, vinginevyo ukungu utaota ndani na kupulizwa chumbani. Mdomo wake uwe juu ya kimo cha mafuriko na ufungwe wavu imara, kwa sababu nyoka na panya nao hutafuta baridi. Palipo na udongo mweusi unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, bomba jembamba huvunjika, hivyo ni lazima lizungushiwe mchanga.

Hewa kavu ya Isiolo pia hupozwa vyema kwa maji. Lita 20 zikivukizwa zote huondoa joto la takriban yuniti 13, zaidi ya zile ambazo pampu yenye kilowati tatu ingeondoa kwa saa nne. Lakini hilo ni hesabu ya mtungi mzima wa maji, na katika nyumba inayonunua maji kwa mtungi, mama wa nyumba ndiye atakayeamua iwapo unywewe au uvukizwe.

ANAYEWEZA KUIFIKIRIA PAMPU

Wapo ambao mtambo unaweza kuwafaa. Zahanati, ofisi au nyumba ya wageni iliyo nje ya gridi huhitaji ubaridi mchana, wakati paneli zinapozalisha, na hivyo betri hupungua sana. Hoja huimarika zaidi kama tayari kuna kisima cha maji kinachotumika kila siku. Maji yanayopandishwa kwenda tangini yanaweza kupitishwa kwanza katika kibadilisha joto, yachukue joto la jengo, kisha yaende zake kufua, kuoshea na kunyweshea mifugo. Hapo ardhi haishibi, kwa kuwa joto huondoka na maji. Pampu ya maji ilikuwa ikiendeshwa vivyo hivyo, na gharama ya kuchimba ilikwisha kulipwa kwa sababu nyingine.

Maji ya visima vingi vya kaskazini yana chumvi na chokaa, ambayo huganda ndani ya mirija myembamba. Kibadilisha joto kiwe cha aina inayofunguka na kusafishwa. Palipo na mzunguko uliofungwa, mabomba yaliyozikwa yawe ya polithini nzito, yaliyounganishwa kwa kuyeyushwa wala si kwa gundi au vibano, kwa sababu kiungo kinachovuja mita 60 chini hakirekebishiki. Tundu la kisima lijazwe kwa mchanganyiko wa udongo maalumu, kwani nafasi ya hewa kati ya bomba na mwamba huzuia joto lisipite.

Kuchimba kisima cha maji kunahitaji idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA). Kiwanjani, ambako jina lenyewe linakumbusha kiwanja cha ndege, mlingoti wa mtambo wa kuchimbia ulio karibu na njia ya ndege ni jambo la kuulizia mapema kwa mamlaka ya safari za ndege, KCAA. Fundi wa sola naye awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA), inayolingana na ukubwa wa mtambo.

Mkataba nao useme ni nani atakayekuja gesi ya kompresa ikivuja, na atatoka wapi. Fundi anayelazimika kusafiri kutoka Nairobi kila mara hugeuza hitilafu ndogo kuwa wiki mbili za joto.

Atakayefunga mtambo wenye mzunguko uliofungwa aweke kipimajoto kwenye bomba linalorudi kutoka ardhini, na aandike kipimo chake siku hiyo hiyo ya kila mwezi, saa ile ile. Kipimo kikipanda mwaka hadi mwaka, udongo unaozunguka bomba unashiba, na itabidi saa za matumizi zipunguzwe au kisima cha pili kichimbwe.